Platinamu au kaboni: kichocheo kipi cha haidrojeni?

Kwa maabara ya Arusha inayotaka kuzalisha haidrojeni kutokana na maji kwa umeme wa jua, platinamu bado haina mshindani: ndani ya asidi huhitaji makumi machache tu ya milivolti za ziada, juu ya volti za chini kabisa za kupasua maji, ilhali grafini (tabaka jembamba sana la kaboni) yenye naitrojeni iliyounganishwa na naitraidi ya kaboni, iliyoripotiwa mwaka 2014, ilihitaji takribani 240, na ziada hiyo ni umeme unaopotea. Kwa kufundishia, hata hivyo, ningechagua kaboni, kwani hata maganda ya kahawa ya Moshi yakichomwa bila hewa huitoa. Tahadhari ni moja: elektrodi ya pili, yaani ncha nyingine ya umeme ndani ya maji, iwe ya grafaiti (kaboni kama ya penseli), kwa kuwa ile ya platinamu huyeyuka kidogokidogo, ikaganda juu ya kaboni na kuipa sifa isiyo yake.