Gereji ya Ngamiani inayozoesha injini za Subaru: kazi safi, kumbukumbu hafifu

Mafundi wa kufunga injini Tanga hawakosekani. Wanaoizoesha baada ya kuifunga, yaani kuiendesha kwa mpango mpaka vipande vipya vikubaliane, ndio wachache, maana desturi ni kumpa mwenye gari ufunguo na agizo moja: mwezi mzima usizidishe themanini. Gereji hii ya Ngamiani, yadi ya mabati isiyo na kibao, haifanyi hivyo. Injini za turbo, hasa EJ20, zile za lita mbili za Subaru Impreza na Forester, hufungwa, huwashwa, hutolewa barabarani na kurudishwa kupimwa kabla mteja hajakabidhiwa gari. Malipo ya kuzoesha yamo ndani ya bei ya kufunga; oili na filta ananunua mteja. Kwa ufupi, huduma inafaa, ila kuna mambo ya kubishana nao.

Lile agizo la kunyata mwezi mzima ndilo linaloharibu kazi. Ukuta wa silinda mpya husuguliwa kwa mawe ili ubaki na mistari iliyokatana. Mistari hiyo hushika oili, na ncha zake huisugua ringi, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni, mpaka ringi na ukuta vikubaliane. Springi ya ringi peke yake haitoshi kuibana ukutani. Inayobana hasa ni gesi ya mwako, ambayo hupenya juu ya ringi ikaingia nyuma yake na kuisukuma nje. Injini isiyopewa mzigo haina gesi ya kutosha. Ringi hazikai, oili inabaki ukutani ikiungua, na polepole mistari inajaa ganda linalong'aa kama kioo. Gari la namna hiyo litakula oili na kutoa moshi wa bluu, na hakuna oili ya bei wala dawa ya kopo itakayoliponya. Ni kufungua tena, kusugua silinda na kuweka ringi mpya.

Hawa wanalijua hilo, na linaonekana tangu bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, inaporudi kutoka kuchongwa. Wanaiosha kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli hawaitumii hapo, kwa kuwa huondoa grisi na kuuacha unga wa mawe umeganda kwenye mistari, na unga huo ndio unaokula ringi na beringi. Baada ya kuosha hupitisha kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke kilivyoingia, kisha hupaka silinda oili papo hapo. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, silinda iliyoachwa kavu usiku mmoja huamka na kutu.

Vipimo wanachukua kwa uangalifu. EJ20 ina silinda za kipenyo cha milimita 92, na kwa pistoni za kufuliwa (forged) zitakazobeba msukumo mkubwa wa turbo wao huacha pengo la ringi ya juu kati ya milimita 0.45 na 0.55. Pengo likiwa dogo mno, ncha za ringi hugusana injini ikipata moto na kuvunja ukingo wa pistoni. Pistoni hizo hugonga kidogo injini ikiwa baridi kwa sababu huachiwa nafasi zaidi ukutani. Mlio ukiisha injini inapopata joto, usiwasumbue mafundi.

Sehemu bora ya huduma yote ni mfumo wa oili. Injini nyingi wanazoletewa zilikufa kwa beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, na injini ya hivyo huacha vipande vya chuma kila mahali. Mafundi wengi huosha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuridhika. Hapa hubadilisha kipozeo cha oili badala ya kukiosha, hukagua bomba la kunyonyea oili lisiwe na ufa, na hufungua bolti ya banjo ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Ndani ya bolti hiyo mna kichujio kidogo cha waya. Kikiziba, turbo mpya inakosa oili na kufa mapema, halafu lawama zote zinamwendea aliyeiuza.

Kabla ya kuwasha, hutoa plagi, hukata umeme wa koili na pampu ya petroli, kisha huzungusha injini kwa stata sekunde 10 hivi kila mara, wakiipumzisha, mpaka geji ya oili ipande. Geji hiyo ni ya mkono, imefungwa kwenye bloku. Taa ya dashibodi hawaiamini, na wako sahihi. Kipimo cha Subaru kwa EJ, oili ikiwa nyuzi 80, ni msukumo wa kilopaskali 98 injini ikiwa kwenye mizunguko 600 kwa dakika, na 294 kwenye mizunguko 5,000. Mteja aombe kuiona geji kwa macho yake, oili ikishapata moto.

Injini ikishawaka hawaiachi iungurume kwenye sailensi, yaani bila pedeli kukanyagwa. Huishikilia kwenye mizunguko kama 2,000, wakiipandisha na kuishusha, huku mmoja akitafuta uvujaji na mwingine akitoa hewa kwenye maji ya rejeta. Subaru hunasa hewa kirahisi, na kwa joto la Tanga gari lililosimama halisamehe kosa hilo. Kwa dakika kama 20 hizi sensa ya kupima mchanganyiko wa petroli na hewa huwa kwenye eksozi. Petroli ikizidi, huosha oili ukutani na kuingia kwenye sampo, na ringi haziwezi kukaa. Gari lenye injekta kubwa na programu ya zamani kwenye kompyuta yake hurudishwa kwanza kwa anayeitengeneza, hata mteja akilalamika. Wakimaliza, oili ya kwanza inamwagwa.

Oili ndiyo hoja ya kwanza ya kubishana nao. Humimina oili ya dizeli ya 15W-40 ya daraja la CI-4. Uchaguzi wenyewe una mantiki: ni ya minerali, na ina zinki na fosforasi zaidi ya oili za kisasa za petroli za 5W-30, ambazo fosforasi yake imewekewa kikomo cha sehemu 800 kwa milioni. Ina sabuni nyingi kuliko oili maalumu ya kuzoeshea injini, lakini kwa EJ inapita. Ubaya ni kwamba wanaichota kwenye pipa. Usikubali. Nenda na galoni zilizofungwa za oili ya aina hiyohiyo. EJ20 hubeba lita 4 hadi 4.5 kutegemea toleo, na mpaka kilomita 500 itamwagwa mara tatu, kwa hiyo hesabu lita 13 au 14 na filta tatu. Oili ya sintetiki iache dukani kwanza.

Barabarani wanafanya kazi inayotakiwa. Gia ya tatu au ya nne, kutoka mizunguko 2,000 hadi 4,000, pedeli ikikanyagwa nusu. Kisha wanaachia kabisa bila kugusa breki, gari lishuke lenyewe likiwa kwenye gia. Kule kuachia kuna maana yake: mvuto unaozaliwa ndani ya silinda hupandisha oili kwenye ringi, ikazipoza na kuziosha. Hurudia mara nane au kumi, kila mara pedeli ikizidi kidogo, turbo ikitoa ule msukumo mdogo unaoruhusiwa na springi yake tu, bila kidhibiti cha kuuongeza.

Njia waliyoichagua ndiyo mbaya. Hupenda kwenda Muheza kupitia Pongwe, na Pongwe ndipo kilipo kiwanda cha saruji. Ukinasa nyuma ya malori huna mzigo wala nafasi ya kuachia gari, na kinachobaki ni sailensi ya kutembea. Barabara ya Horohoro, ukishaivuka Amboni, inafaa zaidi, mradi vijijini uheshimu 50 maana tochi za trafiki hazikosekani. Waambie mapema, na uombe gari litoke alfajiri.

Wakirudi, kwenye kilomita 80 hivi, oili ya pili inamwagwa na filta inakatwa. Unga unaometameta ni wa kawaida. Vipande vya rangi ya shaba ni beringi, na hapo gari halitoki. Chembe zinazoshikwa na sumaku zimetoka kwenye ringi au silinda; zinazong'aa bila kushikwa ni alumini, yaani pistoni. Filta huikata mbele yako ukiomba. Usipoomba, inaishia kwenye ndoo.

Kisha hujaza hewa kila silinda na kupima inayovuja. Chini ya asilimia 10 ni kazi nzuri. Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi bado. Ikisikika kwenye eksozi, ni vali. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi ya hedi. Kipimo wanakifanya vizuri, lakini jibu lao ni la mdomo: "Iko sawa." Kwa kazi ya kiwango hiki ni uzembe. Dai namba ya kila silinda, iandikwe na tarehe na kilomita.

Baada ya makabidhiano, oili nyingine kwenye kilomita 500. Kitabu cha Subaru kinataka usivuke mizunguko 4,000 kwa kilomita 1,600 za mwanzo, wala usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, kwa hiyo safari ya Dar ya mwendo mmoja isubiri. BMW kwa magari yake ya M huruhusu mpaka 5,500 kwa kilomita 2,000, basi mwenye gari jingine asome kitabu chake. Oili ya sintetiki iingie baada ya 1,600. Mpaka hapo vuta dipstiki kila unapojaza petroli. Kupungua kidogo kunategemewa. Gari likipita hapo na oili bado inashuka nusu lita kila kilomita 1,000, lirudishe wapime silinda upya, uwe na karatasi ya namba za kwanza mkononi za kulinganishia.