Laptopu used Ngamiani: nyota nne, ya tano nimeizuia

Duka lenyewe dogo, lipo huku Ngamiani, Tanga, kwenye barabara za namba, mbele kava za simu, nyuma kameza ka fundi. Nilimsindikiza dada angu, mwalimu wa sekondari, anatafuta mashine ya kutungia mitihani na bajeti yake laki tano na haongezi hata mia.

Kwanza kilichonifurahisha, fundi hauzi ili mradi kauza. Dada kashaipenda ThinkPad T470, nzuri kweli, kibodi tamu, jamaa akamwambia mwalimu hiyo prosesa yake kizazi cha 7 kurudi nyuma, Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 na kuendelea, naweza kukuwekea kwa njia ya panya ila apdeti zikija kukataa usinitafute. Na Windows 10 apdeti zake za bure za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Akamtajia njia mbili, aongeze kidogo achukue T480 yenye i5 ya kizazi cha 8, au abaki na T470 awekewe Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Dada Linux hataki hata kuisikia. Akaongeza, ile hata mia ikafia hapo hapo 😂

Sasa hapa ndo naomba msome vizuri. Laptopu yake ya kwanza alinunua sehemu nyingine, na yule fundi wa huko ili amalize haraka akaiwashia kwa imeili yake yeye fundi. Siku moja baada ya apdeti ikaamka na skrini ya bluu inadai namba 48 za BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski. Namba zinakaa kwenye akaunti iliyotumika kuiwasha, akaunti ya fundi, na fundi pasiwedi kasahau na laini kabadilisha. Hata Microsoft hawana pa kukutolea hiyo namba. Mitihani ya miaka yote kwaheri. Yaani umejenga nyumba yako afu fundi mlango kaondoka na ufunguo.

Na watu wengi hawajui, Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 ukiipiga upya ukaingia na akaunti ya Microsoft, kwa mashine nyingi diski inajifunga yenyewe, hata hii ya Home. Hakuna anayekuuliza.

Ukisimulia hivo utasikia zima hayo mambo yote, laptopu yako hela yako. Mi sikubali. Laptopu ya mwalimu ikiibiwa stendi na diski haijafungwa, mtu anaichomoa anachomeka kwingine anasoma mtihani mzima kabla hata wanafunzi hawajaketi. Kufunga ni sawa, ugomvi wangu ni nani kashika ufunguo. Hapa Ngamiani fundi alimwambia dada aingie kwa imeili yake mwenyewe, akageuza uso wakati anaandika pasiwedi, afu akamprintia zile namba 48 karatasi mbili, moja ikakae na vyeti.

Palipowaka moto ni akaunti. Kamwekea mbili, ya admini yenye mamlaka yote na ya kawaida ya kufanyia kazi, kila ukiinstoli kitu inataka pasiwedi ya admini. Dada akaja juu, "Yaani niombe ruhusa kwenye kitu changu?" Fundi katulia tu, "Mwalimu, unajiomba mwenyewe." Dada akachomeka flashi yake iliyotoka steshenari, mafolda yote yamegeuka shotikati, Defender, ile kinga ya virusi ya Windows, ikaanza kupiga kelele palepale. Dada kimya.

Akataka na Office ya kukraki. Jamaa kasema kraki nyingi zinataka Defender izimwe kwanza na yeye hazimi kwenye mashine ya mteja, ila akamwonyesha kabisa swichi ipo wapi, ukitaka zima mwenyewe. Hapo nilimpa heshima. Hakumficha kitu, hakumwamulia. Kamwekea LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, ambayo kwa barua na maandalio ya somo iko poa ila jedwali zilizotoka kwenye Word zinapinda pinda, dada analalamika mpaka leo.

Microsoft nao nawalaumu kidogo, kuwasha Home mpya wanalazimisha intaneti na akaunti, na njia za kukwepa wanazidi kuziba. Kwa mtu wa huku ambaye imeili yake ilifunguliwa na mtu wa kibanda cha simu, hiyo akaunti ni mtego mtupu. Fungua imeili yako kabla hujaenda dukani, na namba ya simu iwe yako.

Nyota ya tano? Fundi ni mmoja, foleni ndefu, Ijumaa mchana anafunga anaenda kuswali na kurudi anarudi akijisikia. Afu chaja haimo kwenye bei na hawakwambii mpaka unafunga begi, sisi tulitoa elfu thelathini nyingine. Ulizeni mapema.