HPE MicroServer Gen10 Plus: usiinunue bila kadi ya iLO

Kwa ofisi ndogo ya Kariakoo au Mwenge, seva hii inatosha: nafasi 4 za diski, milango 4 ya mtandao ya gigabiti 1, adapta ya nje ya wati 180. Kasoro yake ni kwamba iLO 5, mfumo wa HPE wa kuisimamia seva ukiwa mbali, haifanyi kazi mpaka uongeze kadi inayouzwa kando. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Wengine hukaa kimya.

Zima seva, chomoa adapta, ndipo uipachike kadi. Kebo ya usimamizi iende kwenye mlango wa kadi yenyewe, si ile milango 4 ya seva, la sivyo utaisubiri anwani ya DHCP (inayogawiwa na ruta yenyewe) mpaka jioni. Bonyeza F9 wakati wa kuwaka, weka anwani ya kudumu, kisha badilisha nenosiri la kwenye lebo.

Seva ikizimwa, kadi hubaki hai mradi adapta ina umeme. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) inayobeba seva peke yake haikusaidii ukiwa nyumbani Mbagala; ibebe ruta na swichi pia.

Skrini ya mbali hufungwa mfumo endeshi unapoanza, isipokuwa ulipie leseni ya ziada kama Advanced. Huo ni ubahili wa HPE. Na iLO usiianike kwenye intaneti, pitia VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi).