Moduli ya risiti ya bure: miezi mitano nayo, kutoka Ngamiani hadi Pangani

Nimeitumia moduli hii ya kuchapa risiti, yaani kipande cha programu kilichoandikwa tayari, miezi mitano sasa, kwenye maduka mawili, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuisema. Jina silitaji. Aliyeitunga ni mtu mmoja anayejitolea, sitaki watu waende kumvamia.

Kazi yenyewe ilikuwa mfumo wa mauzo wa duka la vipuri vya pikipiki, Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga. Sehemu ya risiti, kama ningeiandika mwenyewe, nilikadiria siku nne. Moduli nikaikuta npm, ghala la mtandaoni la vipande vya programu vya lugha ya JavaScript, bure, leseni ya MIT, ile inayokuruhusu kubadilisha na hata kuuza mradi tamko la hakimiliki libaki. Maelezo safi, mifano ipo. Nusu saa tu risiti ya majaribio ikaonekana kwenye skrini, nikaenda zangu kunywa chai.

Siku ya kwanza dukani akaja kijana wa bodaboda, kachukua cheni na sproketi, 35,000. Printa ikalia, karatasi ikatoka: TZS 350.00. Mzee mwenye duka akavaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Mwanangu, hii cheni tunagawa sadaka?"

Kijana naye hakuzubaa: "Mzee, kwa bei hiyo nifungie tano."

Kumbe moduli inataka kiasi kiingizwe kwa senti, halafu yenyewe inagawa kwa 100. Na ukifungua ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi yetu imepewa tarakimu mbili za senti, kwa hiyo mtunzi hakukosea. Ila Ngamiani nzima nani anadai senti? Tatizo ni kwamba dhana hiyo haikuandikwa popote kwenye maelezo, nimeichimbua kwenye msimbo wenyewe wa programu. Nikaikumbuka Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyolipuka Juni 4, 1996, haijamaliza hata dakika moja hewani. Kipande cha programu kilichokuwa salama kwenye Ariane 4 kilihamishwa kama kilivyo, roketi mpya ikawa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikafurika nafasi ya biti 16 iliyotengewa kwenye programu. Mimi nilikuwa na cheni tu, alhamdulillahi.

Upana wa karatasi nao ulinitoa jasho. Herufi 48 kwa mstari zimekaziwa ndani ya msimbo, nimezikuta sehemu saba. Printa ya mzee ni ya karatasi ya milimita 58, inabeba herufi 32. Basi jina la bidhaa likawa juu, bei imedondoka mstari wa chini, imegandana na "Asante, karibu tena".

Halafu inavuta pakeji nyingine 23 nyuma yake, yaani vipande vingine vya programu inavyovitegemea. Mojawapo kazi yake ni kuongeza nafasi tupu upande wa kushoto ili namba zipangane. Wakongwe mnaikumbuka left-pad, pakeji ya kazi hiyo hiyo, Machi 2016: mistari 11 tu, mtunzi wake alipoiondoa npm, miradi kibao duniani ikagoma kujengwa. Hiyo pakeji nimeitupa, JavaScript yenyewe ina padStart, amri inayofanya kazi hiyo, tangu 2017.

Marekebisho yalinila siku moja na nusu. Ile 100 na zile 48 zote nimezihamishia kwenye faili la mipangilio. Mwezi wa tatu nikapata duka la dawa Pangani, printa yao ya milimita 80. Nikabadilisha namba moja na jina la duka, saa moja haijaisha risiti inatoka imenyooka. Hapo ndipo niliporudishiwa jasho langu.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa dhana zilizofichwa. Nyingine ni kwa sababu marekebisho niliyomtumia mtunzi hayajajibiwa mpaka leo, kwa hiyo nimebaki na nakala yangu, na kila akitoa toleo jipya nalinganisha mwenyewe mstari kwa mstari. Ukitaka kuichukua, ijaribu kwa bei halisi za dukani kwako na kwenye printa halisi, si kwenye skrini kama nilivyofanya mimi.

Mzee bado anapiga hesabu kwenye kikokotoo kabla ya kumkabidhi mteja risiti. Simkatazi.