Ruta, faiba na kikasha cha runinga: uzoefu wangu na kampuni moja ya simu hapa Dar

Tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars na Zambia, AFCON kule Ivory Coast. Nimekaa sebuleni Tabata na mama mkwe, watoto wawili na bakuli la karanga, tunatazama kwa intaneti kupitia kikasha kipya cha kampuni ya simu. Dakika ya 11 nyumba ya pili ikalipuka: "Goooli!" Kwenye skrini yetu mpira ulikuwa bado unapigwa pasi katikati ya uwanja. Ilibidi tungoje karibu nusu dakika ndipo Msuva atufungie na sisi. Mama mkwe akanigeukia. "Kumbe hii yetu marudio?"

Mwisho wa mechi ndiyo ulioniuma zaidi. Dakika ya 88 kwa jirani pakawa kimya, halafu nikasikia mtu anasema "aaah, jamani". Tukajua Zambia wamerudisha. Tukakaa kama watu waliokwisha kupokea taarifa ya msiba, tunamngoja Patson Daka afunge goli ambalo sisi limeshatuuma.

Jirani anatumia dishi.

Wanakikoba wenzangu hawaishi kuniuliza kama hiyo huduma ya "tatu kwa moja" inafaa: intaneti ya ruta yenye laini ya simu, faiba yaani intaneti ya waya mpaka nyumbani, na runinga ya intaneti, vyote kutoka kampuni moja na ankara moja. Nimeitumia kwa zaidi ya mwaka na nusu, na vitu vyote vitatu vimepita mikononi mwangu. Jina la kampuni silitaji. Wengi kwenye biashara hii wanafuata njia hiyo hiyo, ukibadilisha rangi ya fulana za mawakala hutaona tofauti kubwa.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za michango na za harusi, nyumbani. Zamani ilikuwa karatasi tu. Siku hizi kamati inataka video: picha za maharusi, wimbo, namba ya kutuma mchango, yote ndani ya dakika moja. Mteja anarekebisha mara sita, na kila rekebisho ni faili jipya la kumtumia. Kwa hiyo mimi si mtu wa kupakua sana, mimi ni mtu wa kupakia, na hilo ndilo ambalo hakuna wakala aliyewahi kuniuliza.

Nilianza na bando za simu kama kila mtu. Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotoka watu wakapiga kelele mpaka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikazisitisha. Mimi nilikuwa katika hao waliopiga kelele. Nilikuwa nanunua bando la siku, likiisha saa kumi nanunua jingine, na mwisho wa mwezi nikijumlisha naona nimemlipa mtu wa simu kuliko nilivyomlipa dada wa kazi. Ndiyo maana Agosti 2023, yule kijana wa chini ya mwavuli pale Tabata Bima aliponiambia "intaneti bila kikomo, dada, laki moja kwa mwezi, unachomeka tu", sikumsumbua kwa maswali.

Kuchomeka ni kweli, dakika kumi tu. Asubuhi ya kwanza nilipima kasi nikapata megabiti 40 kwa sekunde, nikampigia mume wangu kazini kumtambia. Saa mbili usiku nikapima tena, nikapata 3.

Baadaye nikaelewa. Ruta ya laini inakula kwenye mnara uleule unaohudumia simu za mtaa mzima. Asubuhi watu wako makazini, mnara una nafasi. Jioni Segerea, Kinyerezi na Tabata yote wamerudi, kila mtu ameshika simu kitandani, na wewe na ruta yako mnagombea kilichobaki. Halafu masafa yanayotumiwa zaidi na 5G hayapendi kuta. Ruta ilihamia chumbani, ikahamia sebuleni, mwisho ikakaa dirisha la jikoni jirani na sufuria la ubwabwa, kwa sababu ndipo taa ilipokuwa ya kijani. Hata hapo mara nyingi ilikuwa inanasa 4G. Vodacom walikuwa wameshaizindua 5G nchini tangu Septemba 2022, kampuni nyingine zikafuata, lakini kuzinduliwa nchini na kufika kwenye dirisha lako la jikoni ni mambo mawili. Kwangu mimi 5G ilikuwa kwenye boksi na kwenye fulana ya yule kijana.

Na "bila kikomo" ina kikomo. Ukivuka kiasi fulani cha GB, hawakukatii, wanakupunguzia kasi mpaka mwezi uishe. Imeandikwa, tena kwa Kiswahili kizuri, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayesoma akiwa amesimama juani. Filamu ya ubora wa HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa. Nyumba yenye watoto wawili wa likizo inafika kwenye ukuta huo kabla ya tarehe 20.

Sasa kwa nini wanaanza kukuuzia ruta na si faiba? Nimelifikiria sana, na sidhani kama ni ujanja mtupu. Mnara upo, umeshajengwa kwa ajili ya simu. Kukuuzia ruta ni kuuza nafasi iliyobaki juu ya mnara, leo hii, bila nguzo, bila kibali, bila kuchimba. Faiba inataka nguzo, mafundi, na nyumba za kutosha mtaani ili gharama irudi. Kwa hiyo ruta ni mtego wa kukushika wewe wakati faiba bado iko njiani, na kwa mitaa ambako faiba haitafika ndiyo huduma yenyewe. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba faiba ilipofika mtaani kwetu hakuna aliyeniambia. Nilimwona fundi juu ya ngazi kwenye nguzo mbele ya duka la Mangi, nikamuuliza unafanya nini, akasema "faiba, mama, tunaanza kuunga wiki ijayo". Mimi nilikuwa mteja wao wa miezi saba. Namba yangu ya simu wanayo, maana kila siku wananitumia meseji za bahati nasibu.

Kikasha kilikuja katikati, Desemba 2023. Miezi mitatu bure, baadaye shilingi 15,000 juu ya ankara. Ni kadude kadogo kama sabuni ya kipande, kanachomekwa nyuma ya runinga, kana rimoti yake. Ndani kulikuwa na chaneli za nyumbani ambazo king'amuzi chochote kinatoa, chaneli nyingi za dini, katuni, sinema za Nigeria za zamani, na aplikesheni za filamu ambazo kila moja inataka malipo yake peke yake. Yaani umelipia mlango, ukiingia ndani unakuta milango mingine.

Kuhusu ule ucheleweshaji wa goli, fundi wa faiba ndiye aliyenieleza. Video ya intaneti inakatwa vipande vya sekunde chache chache, kikasha kinajikusanyia vipande kadhaa kabla ya kuonyesha ili picha isigande. Hivyo lazima uwe nyuma. Nikamuuliza, sasa kampuni ina waya wake yenyewe, kwa nini isitume moja kwa moja? Akasema inawezekana, ziko kampuni duniani zinazotuma mkondo mmoja wa chaneli ndani ya mtandao wao na nyumba zote zikaunywa huo mmoja. Hiki chetu si hivyo, kila nyumba inavuta nakala yake, sawasawa na aplikesheni nyingine yoyote. Kwa hiyo siku ya mechi kubwa, nyumba mia ni nakala mia, kwenye mnara uleule.

Lakini hata wangetengeneza hilo, kuna jambo ambalo waya hauwezi kulirekebisha. Mechi yenyewe hawana. Ligi Kuu yetu iko Azam, mkataba wa miaka kumi uliosainiwa 2021 wa shilingi bilioni 225.6. Nyumba ya Kitanzania hainunui runinga kwa ajili ya katuni. Inanunua kwa ajili ya Simba na Yanga, na kwa ajili ya tamthilia ya mama. Mama mkwe wangu alikikubali kikasha kwa siku mbili. Ya tatu saa ya tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili ikafika, akaitafuta, hakuiona, akaniambia kwa upole ule unaotisha: "Mwanangu, nirudishie king'amuzi changu."

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, sisi tumeshazoea kununua vidude vya kuweka chini ya runinga. Na kampuni za simu zimeshajaribu sana kuingia hapo. Safaricom ya Kenya ilitoa The Big Box mwaka 2015, king'amuzi chenye Wi-Fi ndani yake. Uingereza, BT ililipa pauni milioni 738 mwaka 2012 kwa mechi za ligi yao za misimu mitatu, ikafungua chaneli zake Agosti 2013 na kuwapa bure wateja wa intaneti ya nyumbani. Miaka kumi baadaye chaneli hizo zilikuwa zimeshabadilishwa jina na kuwekwa kwenye ubia na Warner Bros. Discovery ya Marekani. AT&T ya Marekani ndiyo kichekesho: ikanunua DirecTV, runinga ya dishi, mwaka 2015 kwa karibu dola bilioni 49, ikanunua Time Warner, wenye studio za filamu, 2018 kwa karibu bilioni 85, na kufika 2022 studio zile zimeshatengwa, kampuni imerudi kuhubiri faiba na 5G. Kama wenye mabilioni hayo wamerudi kwenye waya, mimi na elfu 15 zangu ni nani?

Turudi kwenye kitu kilichonifanya nibaki. Faiba.

Waliniunga Machi 2024. Mafundi wawili, saa mbili, kawaya kembamba kutoka kwenye nguzo mpaka ukutani. "Ndani ni kioo, dada, usikakunje kama waya wa pasi." Kifurushi cha megabiti 20, shilingi 70,000 kwa mwezi, nafuu kuliko ruta, na 20 hiyo ni kwenda na kurudi. Hapo ndipo palipobadilisha kazi yangu. Kuna faili la MB 600 nililokuwa namtumia mpiga chapa wangu Kariakoo. Kwenye ruta, kupakia kulikuwa megabiti 2 siku njema, dakika 40, na likikatika unaanza upya. Kwenye faiba ni dakika nne. Saa mbili usiku ni dakika nne vilevile. Siku ya kwanza nilikaa nalitazama linavyopanda kama mtu anayetazama maziwa yanachemka.

Umeme ukikatika pia hupotei mtandaoni, kama umenunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Hapo katikati ya nguzo hakuna kifaa kinachotaka umeme, ilimradi kwako kuwe na moto na kwao kuwe na moto. Hawakuniambia hili. Niliambiwa na muuza vifaa vya sola.

Ila msidhani faiba mlangoni ni mwisho wa matatizo. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilikatika, na kioo changu kikabaki pambo. Kamati ya harusi ya watu wa Mbeya ilikuwa inangoja video, ikabidi nipande bodaboda na flashi mkononi mpaka Ubungo nikaitume kwa basi. Hilo siwalaumu. Ninalowalaumu ni Novemba, lori lilipokokota waya wetu barabarani tukakaa siku sita. Kila nikipiga huduma kwa wateja ninaambiwa, "Dada, umejaribu kuzima na kuwasha ruta?" Waya uko kwenye mtaro, nauona kwa macho. Siku sita hizo zilihesabiwa kwenye mwezi wangu. Nikaenda ofisini kwao na picha za waya na tarehe, nikapewa siku tatu. Nyie mkifikwa, wekeni picha na namba ya malalamiko. Unaanzia kwa mtoa huduma, na akikupuuza ndipo unakwenda TCRA, na huko watataka kuona ulianzia wapi.

Kwa wanaouliza nichukue kipi: kama faiba imefika nguzo yako, chukua hiyo, na ulizia kasi ya kupakia kabla ya kulipa. Haijafika, chukua ruta, lakini iombe kwa majaribio na uipime saa mbili usiku, usiipime asubuhi. Mpira, wa dishi ana raha yake. Mimi natazama Ligi Kuu kwa aplikesheni ya wenye mechi yao, juu ya faiba hiyo hiyo, na nimekubali kuwa nyuma ya jirani. Siku za dabi watoto wanakimbilia kibanda umiza.

Kikasha nilikikatisha Juni 2024. Kukikatisha kulichukua simu nne. Kiko juu ya kabati chini ya kitambaa cha mama mkwe cha kufuma.

Wiki iliyopita kijana mwingine aligonga, fulana mpya, kifurushi kipya, runinga imeboreshwa kabisa anasema, chaneli zimeongezeka. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Simba na Yanga ipo?"

"Bado mama, lakini kuna sinema nyingi sana."

"Haya. Karibu maji ya kunywa."