Elfu kumi ya steshenari na maswali matatu ya jopo: uzoefu wangu wa kujaza maombi ya kazi serikalini

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonivuta. Steshenari moja katikati ya jiji la Mwanza ilikuwa imebandika karatasi mlangoni: TUNAJAZA MAOMBI YA AJIRA, CV, BARUA, KUSKANI, 10,000 TU. Jina lake nalihifadhi. Naipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za kuskani. Kuskani wanajua.

Ilikuwa mwaka juzi. Nafasi za Afisa Uvuvi Msaidizi zilitangazwa, na mimi nikashtuka zikiwa zimebaki siku tatu dirisha lifungwe. Nina stashahada ya uvuvi kutoka FETA, chuo cha serikali cha mafunzo ya uvuvi, kampasi ya Nyegezi. Wakati huo nilikuwa nashinda mwaloni Kirumba, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, nikimsaidia mjomba kwenye biashara ya dagaa, simu mfukoni inanuka dagaa, mikono inanuka dagaa. Kuomba kwenyewe ni bure. Ajira Portal, mfumo wa serikali wa maombi ya kazi mtandaoni, haikutozi hata shilingi; unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, vyeti, barua pepe, bando na utulivu. Hicho cha mwisho ndicho nilichokwenda kununua kwa elfu kumi.

"Kaka, nipe NIDA na vyeti, mengine niachie," kijana wa steshenari akaniambia. Nikaachia kweli. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kwenye kibodi kama mtu anayechambua mchele. Aliniuliza maswali mawili tu: namba ya simu na dini. Dini sikujua inahusu nini, nadhani alikuwa anaongea tu. Baada ya dakika arobaini akanichapia barua, nikasaini, akaiskani na kuipandisha, akaniambia, "Tayari, subiri kuitwa." Nikatoka pale nikapanda daladala ya Igoma nikijiona mtumishi wa umma.

Kuitwa nikaitwa. Tangazo la kuitwa kwenye usaili lina masharti mengi, na moja linamtaka msailiwa aingie kwenye akaunti yake anakili namba ya mtihani, kwa sababu siku ya usaili namba hazitolewi. Akaunti ipi? Barua pepe kaitengeneza yeye, neno la siri analijua yeye. Nikaenda dukani, kumefungwa. Jirani yake anayeuza vocha akasema kijana yuko Magu msibani. Nikampigia. Naona aibu hadi leo: mtu yuko msibani, nyuma nasikia watu wanaimba, na mimi namwambia, "Mdogo wangu, pole sana, hebu nitajie namba yangu ya mtihani." Akaenda pembeni, akafungua kwa simu yake, akanisomea tarakimu moja moja, nikaandika kwenye kiganja kwa peni ya bluu. Hapo nilimpenda. Nyota moja kati ya zile mbili labda ni ya siku ile.

Mchujo nikapita. Nikafika hatua ya mahojiano, huko Dodoma. Basi likatoka Nyegezi, likapita Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, na njia nzima nikawa nakariri Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 kama mtoto anayekwenda kusoma shairi siku ya mahafali. Nilikuwa tayari kwa samaki, sangara, sato na dagaa, na kwa zana, kokoro na nyavu za timba. Kitu kimoja sikukikariri, nacho ni mimi mwenyewe kama nilivyoandikwa.

Mle ndani walikuwa watu wazima watatu, wapole. Nikasalimia, nikakaribishwa kiti. Swali la kwanza ni lile ambalo kila mtu analijua: jieleze kwa ufupi. Nikajieleza. Mama mmoja, mwenye miwani, akashika karatasi iliyokuwa mbele yake akaniambia kwa upole kabisa, "Hapa umeandika ulifanya mafunzo kwa vitendo miezi sita Bukoba. Mbona umetutajia Kirumba?"

Bukoba sijawahi kufika.

Nikasema kuna makosa ya uandishi. Akatikisa kichwa, akaendelea: kwenye ujuzi wa kompyuta umejaza kiwango cha juu, pamoja na programu za uchambuzi wa takwimu, tueleze ulivyoitumia kompyuta kuchambua takwimu za mavuno ya samaki. Ninachojua mimi ni kuandika barua na kutengeneza jedwali la kawaida. Nikajaribu kuelezea jedwali. La tatu likatoka kwa mzee aliyekuwa kimya muda wote: "Mdhamini wako wa tatu, mnafahamiana vipi?" Akamtaja. Lile jina nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Sina la kuwalaumu wale wazee. Walisoma kilichoandikwa na wakauliza kilichoandikwa. Kijana alikuwa ameuchukua wasifu wa mteja aliyepita, akabadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa na chuo, kisha akachoka. Na mimi ndiye niliyethibitisha. Mwisho wa maombi kuna sehemu ya tamko, unakiri kwamba taarifa zote ni za kweli. Kijana aliniuliza, "Nabonyeza?" nikamjibu, "Bonyeza."

Sikuchaguliwa. Nikarudi mwaloni.

Tangazo lingine lilipotoka nilijaza mwenyewe, kwa simu, usiku tatu mfululizo, na hili ndilo ninalotaka hasa kulieleza, maana kila nikikutana na vijana pale Nyegezi wananiuliza "material" ya usaili nimeyatoa wapi, na wanadhani nina pepa za siri. Niliyatoa kwenye fomu.

Usiku wa kwanza sikujaza kitu. Nililala kifudifudi na daftari la kurasa 96 nikasoma tangazo. Wengi wanaruka ile orodha ya majukumu ya kazi, wanakimbilia mshahara na sifa. Mimi niliinakili kwa mkono, jukumu moja juu ya kila ukurasa, halafu chini yake nikajiuliza: hili nimewahi kulifanya wapi? Kukusanya takwimu za uvuvi: hilo nimelifanya, asubuhi mitumbwi ikitia nanga, tunahesabu, tunapima, tunaandika, na mvuvi mmoja kila siku anasema kapata kidogo kwa kuogopa kodi. Kutoa elimu kwa wavuvi: nimelifanya nusu, nilimsindikiza afisa akiongea na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, nikaona jinsi watu walivyonuna alipogusia marufuku ya kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Jukumu ambalo sikulifanya niliandika "sijafanya, nimesoma tu", na kurasa hizo ndizo nilizozisoma zaidi. Siku ya mchujo swali moja lilihusu kazi za BMU. Sikukumbuka vitabu, nilikumbuka zile nyuso zilizonuna, na jibu likaja lenyewe.

Usiku wa pili ndio uliokuwa mrefu. Taarifa binafsi ni rahisi, namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukikosea utajigundua. Shida yangu ilikuwa jina. Sisi Wasukuma tuna hii Ng'w yetu. Kwenye kitambulisho nimeandikwa kwa Ng'w kama baba alivyotaka, kwenye cheti cha kidato cha nne mwalimu aliona inamsumbua akaandika Mw. Karatasi zinasema tuko wawili. Nilishatengeneza hati ya majina, ile deed poll, kwa wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini mara ya kwanza yule kijana hakuiambatisha. Iliniokoa tu kwamba niliibeba halisi. Safari hii niliipandisha yenyewe kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa na tofauti hata ya herufi moja, anza na hilo mapema, kwa sababu wakili na msajili hawana habari na tarehe ya mwisho ya maombi yako.

Cheti cha kuzaliwa halisi kilikuwa kwa mama, Sengerema, ndani ya sanduku la bati chini ya kanga. Nikavuka kwenda kukifuata. Siku hizi ni raha, daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji unazimaliza kabla abiria wa pembeni hajamaliza kukuuliza unatoka wapi. Zamani ungekaa na kusubiri kivuko hadi ofisi ya wakili ifungwe. Mama akanipa cheti na samaki wa kukaanga, akaniambia, "Baba, safari hii usimpe mtu akuandikie." Nilikuwa sijamsimulia habari za Bukoba. Sijui nani alimwambia.

Kwenye vyeti angalieni kitu kimoja: wanataka cheti chenyewe. Slipu za matokeo, za kidato cha nne hata za sita, na matokeo ya muda ya chuo hazikubaliwi. Tangazo linasema wazi na bado watu wanapandisha slipu.

Halafu zikaja zile sehemu ambazo steshenari huwa wanazipitia kwa kubofya "vizuri sana" kuanzia juu hadi chini: lugha na kompyuta. Kiingereza unaulizwa kuongea, kusoma na kuandika, kila kimoja peke yake. Nikajiuliza kwa sauti, chumbani peke yangu, wanifanyie usaili kwa Kiingereza dakika kumi nitaweza? Kusoma, vizuri. Kuongea nikashusha. Jirani yangu mwenye digrii alinicheka, akasema unajipunguzia maksi. Mimi nimeshakaa kwenye kile kiti, yeye bado. Kompyuta nikaandika ninachokijua, halafu kesho yake nikamwomba binti wa mjomba anifundishe kujumlisha safu na kuchora grafu kwa zile takwimu za dagaa za mjomba. Jioni mbili tu. Nisingejifunza kama lile boksi lisingenikodolea macho.

Wadhamini watatu niliwapigia wote kabla ya kuwaandika. Mmoja, mwalimu wangu wa Nyegezi, akaniuliza naomba nafasi gani, kisha akanihoji kwenye simu robo saa nzima kama vile yeye ndiye jopo. Ule ulikuwa usaili wangu wa kwanza, na wa bure.

Usiku wa tatu ni barua. Tangazo linaruhusu Kiswahili au Kiingereza, inaelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma. Niliandika Kiswahili. Aya tatu: nani, nini nimefanya mwaloni, kwa nini nafasi hii. Nikaisoma kwa sauti hadi ikawa inatoka bila karatasi, na baadaye mbele ya jopo waliponiambia nijieleze ndiyo niliyoitoa, ila kwa maneno ya kuongea. Nikaichapa kule kule steshenari, kwa flashi, shilingi mia tano, nikasaini, nikaskani. Barua pepe yangu, neno la siri langu, limeandikwa nyuma ya daftari kwa maandishi ambayo mke wangu tu ndiye anayeweza kuyasoma. Kabla ya kubonyeza lile tamko nilisoma kila kitu tena kuanzia juu. Nikakuta kosa moja, mwaka wa kumaliza chuo. Nikarekebisha.

Hasara ya kujaza mwenyewe ipo. Bando lilikwenda, macho yaliuma, na kuna wakati mtandao ulikatika nikiwa katikati ya kupandisha cheti nikaanza upya. Mtu asiye na simu nzuri namwelewa akienda kulipa. Ila akae pembeni ya anayemjazia, amtajie yeye, asome kabla ya kubonyezwa, na barua pepe iwe yake.

Mchujo nimepita, mahojiano nimefanya. Hakuna swali lililonishangaza, hata moja, na nilitoka jasho la kawaida tu. Majina ya kupangiwa vituo bado.

Wiki iliyopita binti wa jirani, amemaliza uuguzi, alikuja kuniomba nimwangalizie barua yake ya maombi. Kajaziwa pale pale, sasa bei ni elfu kumi na mbili. Aya ya kwanza nzuri. Aya ya pili inasema yeye, muuguzi, ana uzoefu wa kuhesabu mitumbwi na kupima sangara mwaloni Kirumba. Nikakumbuka ile flashi yangu.

"Shikamoo kaka, ipo sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Marahaba. Vuta kiti, toa simu yako, na huyu sangara tumtoe kwanza."