CogAT na WISC-V: kusoma alama za mtoto mwenye kipaji

Mzazi aliyeko Marekani akiletewa alama 132 za CogAT, kipimo cha uwezo wa kufikiri kinachofanywa shuleni, kisha baadaye 130 za WISC-V, kipimo cha akili cha watoto, asidhani kwamba mwanawe amerudi nyuma. Wastani wa vipimo vyote viwili ni 100, lakini mtawanyiko wa alama (umbali wa kawaida wa alama kutoka kwenye wastani) ni 16 kwa CogAT na 15 kwa WISC-V, kwa hiyo alama hizo, kila moja ikiwa juu ya wastani kwa mitawanyiko miwili, zinamweka mtoto mahali pamoja: amewapita takriban watoto 98 kati ya 100 wa rika lake.

CogAT hufanywa na darasa zima kwa pamoja, nayo hupima kufikiri kwa maneno, kwa hesabu na kwa maumbo. Kwa kuchuja wanafunzi wengi, inatosha. Hata hivyo, kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani, fungu la maneno huenda likapima Kiingereza chake zaidi ya akili yake.

WISC-V humkalisha mtoto peke yake mbele ya mwanasaikolojia, ambaye huweza kuona kwamba anayefumbua mafumbo magumu ana mkono mzito wa kunakili vichoro vidogo, na kwamba kasi hiyo ndogo ndiyo iliyoshusha jumla. Mimi ningesoma kila fungu kwanza, jumla baadaye.